Kabla ya Kuuliza Lita, Pima Mgongo

Kwenye meza za mitumba, na hata katika maduka machache ya vifaa vya milimani yaliyopo Moshi, Arusha na Nairobi, swali la kwanza la mtu anayetafuta begi la safari ya siku kadhaa huwa ni ujazo: hili ni la lita ngapi? La pili huwa ni jina la kampuni. Kwa maoni yangu maswali hayo mawili yangepaswa kuja mwisho. Begi la lita 60 la kampuni inayosifiwa dunia nzima litakutesa tangu asubuhi ya kwanza ikiwa urefu wake haulingani na mgongo wako, ilhali begi lisilo na jina, lakini linalokaa pale linapostahili kukaa, utatembea nalo milima ya Usambara kutoka Lushoto hadi Mtae bila kulikumbuka kila baada ya hatua kumi.

Urefu ninaouzungumzia si kimo cha mtu. Watu wawili waliolingana kwa kimo wanaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa za mgongo, mmoja akiwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, mwingine kinyume chake, kwa hiyo muuzaji anayekutazama kuanzia kichwani hadi miguuni na kukutangazia kuwa wewe ni saizi kubwa anabahatisha tu. Kipimo sahihi huanzia kwenye pingili inayochomoza chini ya shingo unapoinamisha kichwa, na huishia usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Ukishika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma, usawa huo ni pale vidole hivyo vinapoelekeana kwenye uti wa mgongo. Mwenzako akiwa na futi ya fundi cherehani, kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 55 hivi, na mabegi mazuri ama hupangiwa saizi kwa kipimo hicho, ama huwa na mikanda ya mabega inayoweza kupandishwa na kushushwa.

Kipimo hicho kina uzito kwa sababu ya mkanda wa nyonga. Begi likikaa sawasawa, sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na mifupa ya nyonga na miguu, na mabega hubakiwa na kazi ndogo ya kulizuia lisiyumbe wala lisivute nyuma. Begi likiwa refu kupita mgongo, mkanda huo hushuka hadi kwenye makalio na kukwaza miguu kila unapopanda; likiwa fupi, mkanda hupanda tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuupokea mzigo, na uzito wote ukarudi mabegani. Hapo shida si maumivu peke yake, kwani mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kuelekea mkononi ikibanwa kwa saa nyingi, vidole huanza kufa ganzi, na ganzi hiyo isichukuliwe kama uchovu wa kawaida. Tunachokiona leo kama kitu cha kawaida kina historia fupi: mwaka 1952 Dick Kelty na mkewe Nena walianza kutengeneza na kuuza mabegi yenye fremu ya alumini, yaani kiunzi kinacholinyoosha begi, nyumbani kwao California, nao ni miongoni mwa watu waliofanya mkanda wa kiunoni uzoeleke. Mwaka 1967 Greg Lowe akaiingiza fremu ndani ya begi lenyewe, na mengi ya mabegi yanayotufikia leo yanafuata mtindo huo.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapagazi wa Kilimanjaro, ambao wenyewe huitana wagumu, hupanda na mizigo ya hadi kilo 20 kichwani au kisogoni, na bibi zetu walibeba kuni na maji bila mkanda wowote wa nyonga. Pingamizi hilo lina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo waliobeba kichwani na wanawake wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, na ukaonyesha kuwa waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Lakini huo ni ustadi unaojengwa tangu utotoni. Mtu anayekaa ofisini wiki nzima na kuondoka Ijumaa jioni na hema lake hana shingo hiyo, na hatajipatia shingo hiyo kwa mwisho wa wiki mmoja. Afadhali atumie nyonga.

Kuhusu lita sina mengi. Kwa siku mbili hadi nne, ukiwa umejibebea hema, begi la kulalia, jiko na chakula, lita 50 hadi 65 zinatosha. Anayekwenda Kilimanjaro, ambako vitu vingi hubebwa na wapagazi, hahitaji zaidi ya lita 30 au 35 za kubebea maji, koti la mvua na nguo za baridi, na sielewi kwa nini wengi huishia kununua la lita 70. Begi kubwa hujazwa. Ni heri kujiwekea kikomo cha uzito, yaani takriban sehemu moja ya tano ya uzito wako: mwenye kilo 60 abebe kama kilo 12, maji yakiwemo, na lita tatu za maji tayari ni kilo tatu.

Wengi wetu tutanunua mtumba, iwe soko la Memorial kule Moshi, Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, na sioni aibu yoyote katika hilo, kwani mabegi bora kabisa hupita huko. Ila yahitaji macho. Pitisha mkono nyuma ya sponji ya mgongo ujue kama vyuma vya fremu bado vimo, maana mara nyingi vimekwisha kuchomolewa, na begi likijazwa karatasi huonekana limenyooka hata bila vyuma. Bonyeza sponji ya mkanda wa nyonga: isiporudi, imekufa. Tazama ndani kama utando wa kuzuia maji unanata au unabanduka, kisha vuta kwa nguvu pale mikanda ya mabega iliposhonewa.

Halafu omba kulijaribu likiwa na mzigo. Mfuko wa unga wa kilo 10 kutoka duka la jirani unatosha, hata kama wauzaji watacheka. Legeza mikanda yote, livae, funga kwanza mkanda wa nyonga ukiwa umekaa juu ya mifupa yenyewe, ndipo ukaze wa mabega, kisha vikamba vya juu ya mabega, ambavyo vinapaswa kupanda kuelekea kwenye begi kwa mshazari wa nyuzi kama 45. Mkanda wa kifua uje mwisho, chini kidogo ya mitulinga, usikubane pumzi. Tembea, panda ngazi, inama. Wanawake wajaribu pia yale yaliyoshonwa kwa umbo la kike, yenye mgongo mfupi na mikanda ya mabega iliyopinda kukwepa kifua, ingawa nimeona wanaume wembamba yakiwakaa vizuri kuliko ya kiume.

Unapofika kwenye bei, kumbuka fundi wa viatu anaweza kubadilisha zipu, kuweka klipu mpya na kushona upya mshono uliofumuka, lakini hawezi kurefusha fremu. Begi lenye zipu mbovu na mgongo unaokufaa linunue, ukiomba upunguziwe kwa ajili ya zipu. Lile lenye kila kitu kipya, lakini mkanda wake umekaa tumboni, mwachie mwenye mgongo mfupi kuliko wako.