Krauni Moja, Pinioni ya Jirani

Fundi aliniambia nitie maganda ya ndizi kwenye difu, lile boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Sitanii. Datsun 240Z yangu ilikuwa inalia kutoka Uyole mpaka Kabwe, watu wakigeuka wakidhani semitrela inawapitia mgongoni, na dawa aliyoiona ni ndizi. Nakubali, ndizi Mbeya hazijawahi kutusumbua, zinashuka Rungwe kila kukicha. Lakini hii ni aina ya gari iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa mbio za magari za Safari za 1971, na Shekhar Mehta ule wa 1973. Inastahili walau beringi.

Kisa ni jino moja lililomeguka la krauni, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu. Nilikuwa na difu ya akiba, aina ya R180 kama yangu, nikampelekea fundi zote mbili: hamisha krauni ya akiba na pinioni yake, ile gia ndogo inayoizungusha, utie kwenye yangu. Baada ya masaa manne simu ikalia: "Bosi, njoo uchukue." Masaa manne tu! Nami nikaenda nacheka kama mjinga, nikalipa, nikabakiza deni la elfu arobaini. Kupanda Kawetere, njia ya Chunya, ikaanza. Ukikanyaga mafuta inalia, ukiachia inanyamaza. Nikamrudia, ndipo akaja na hizo ndizi.

Nikaifungua mwenyewe. Krauni ya difu ya akiba imefungwa juu ya pinioni yangu ya zamani. Krauni unalegeza bolti tu, lakini pinioni inataka presi ya kung'oa beringi, inataka shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi yake, zipimwe upya. Akaiacha alipoikuta. Nilipombana akahesabu meno mbele yangu: "39 huku, 10 kule. Si sawa tu, bosi?"

Si sawa! Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, kila jino la hii likilainishwa na meno ya ile, ndiyo maana zinauzwa pamoja. Na hiyo 39 kwa 10 haikuokotwa: hakuna namba zaidi ya 1 inayozigawa zote mbili, kwa hiyo kila jino la pinioni linapita kwenye meno yote 39 kabla ya kulirudia la kwanza. Yamezoeana yote. Ukileta pinioni ya jirani, meno yanagusana kwenye ncha, yanatafunana, na chenga za chuma zinaelea kwenye oili mpaka kwenye beringi. Halafu kuna plei, ule mwachano kati ya meno: 0.1 hadi 0.2 ya milimita. Hiyo huipati kwa kutikisa flenji ya pinioni kwa mkono na kusema "iko poa".

Haya, tuseme ukweli ingawa unaniuma: nani kati yetu anamlipa fundi kwa kupima? Tunalipia kufungua na kufunga, tena gari tunalitaka leo. Wanaonishauri "toa difu, weka ya Subaru" nao wana hoja, maana Subaru za STI zina R180, ila shafti za pembeni, zinazokwenda kwenye magurudumu, hazitakuja zenyewe. Oili ya difu iwe ya daraja la GL-5, basi.

Mzee mmoja wa Mbalizi ndiye aliyeimaliza. Ana geji ya kupimia plei, yenye uso wa saa, anaifuta kwa leso kabla ya kuigusa. Alipaka rangi kwenye meno ya krauni, akazungusha, akatazama alama za meno yanapogusana, akang'oa pinioni, akabadilisha shimu, akarudia. Mara tatu. Siku ya pili nikamuuliza, "Mzee, bado tu?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mwanangu, una haraka ya kwenda kulia wapi?"

Alipotaja bei nilimpunguza elfu ishirini. Mpaka leo naona aibu, nitampelekea.

Juzi nimepanda Kawetere na ukungu wake, nikasikia injini peke yake. Ile oili yenye chenga nimeihifadhi kwenye chupa ya maji. Yule wa ndizi akija kudai elfu arobaini yake, namkabidhi chupa.