Kimya cha miaka 12 si kifo

Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema mradi wa programu huria (ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, uko wazi kwa wote) ukipita mwaka bila toleo jipya uhesabiwe umekufa. Hapo simuungi mkono. NetHack, gemu ya mashimoni iliyoanza 1987, ilitoa toleo la 3.4.3 mwaka 2003, kisha kimya mpaka 2015. Watu waliendelea kuicheza, na wengine kuirekebisha kivyao, maana msimbo uko wazi. Hapa Ngamiani, Tanga, kijana wangu ana kompyuta kuukuu iliyoshindwa gemu zote za kisasa, lakini NetHack inakwenda bila wasiwasi: mchezaji ni alama ya @ tu, mbwa wako ni herufi d. Ukila mzoga wa kokatrisi, kiumbe wa kubuni, unageuka jiwe, anza upya (na kijana wangu hakomi!).

Python, lugha ya kuandikia programu, ni habari nyingine, kwa sababu lugha ikiyumba na kazi za watu zinayumba. Lilipotoka toleo la 3 mwaka 2008, mstari wa zamani wa kuonyesha neno kwenye skrini, print "Habari", uligoma kwa kukosa mabano tu. Guido van Rossum, aliyeibuni lugha hiyo, alipong'atuka kuiongoza 2018, ikabidi lichaguliwe baraza la watu watano.

Ndugu mwandishi, safari ijayo tuwekee na habari za watumiaji, siyo tarehe za matoleo peke yake.