Simu ya bei ya chini nayo iwe na dekoda yake

Kila kiwango kipya cha kubana video kinapotoka, husifiwa kwanza kwa kuokoa data. H.265 ilikuja 2013 na ahadi ya kupunguza faili hadi karibu nusu ya H.264 ya 2003. AV1 ikafuata 2018, tena bila ada ya leseni. Hapa Uganda, ambako bando linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, nani asiyefurahi? Ila kuna gharama nyingine ambayo muuza simu hatakutajia, nayo ni chaji.

Simu isiyo na dekoda, yaani saketi maalumu ya kufungua video iliyobanwa kwa AV1, huitwisha prosesa kuu kazi yote. Video itacheza, maana programu kama dav1d ya VideoLAN imeandikwa kwa ustadi mkubwa, lakini simu inachemka na betri inashuka huku unaiona. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako sokoni Kiswahili cha Kongo kimetawala, nimeona simu zimepangwa kwenye kibanda cha sola, kila moja imebandikwa kipande cha plasta chenye namba nyuma, wenyewe wakizifuata jioni. Mtu huyo ananunua MB, kisha ananunua chaji. Ukimpunguzia huku ukamwongezea kule, hujamsaidia.

Ndiyo maana nasema dekoda ya AV1 iwe ya lazima kwenye chipu za simu za bei ya chini. Mpaka sasa mambo yameanzia juu: Apple, kwa mfano, waliiweka kwanza kwenye chipu ya A17 Pro ya iPhone 15 Pro, mwaka 2023. Anayechaji kitandani kwake ndiye aliyetangulizwa.

Na kazi ya kutengeneza dekoda ni ya kuvutia mno. Wengi hudhani umeme unaliwa na hesabu. Sehemu kubwa inaliwa na safari za kwenda memori. Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha 2014 kwamba kusoma data kutoka DRAM, memori kuu iliyo nje ya chipu, kunakula nishati maelfu ya mara kuliko kujumlisha namba mbili. Sasa fikiria dekoda: karibu kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inajengwa kwa vipande vya fremu zilizopita, na fremu hizo zinakaa huko huko DRAM. Mbunifu mzuri huweka memori ndogo ya akiba ndani ya chipu ili kipande kilichokwisha kuletwa kitumike tena, na hubana hata fremu zinazongoja kwenye memori.

Halafu kuna volti. Nishati ya kila hatua hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ukiishusha hadi nusu, unabaki na robo. Saketi itakwenda polepole, basi unaweka kadhaa zifanye kazi sambamba. Vivienne Sze na wenzake wa chuo cha MIT walifanya hivyo 2009: dekoda ya H.264 ya video ya 720p (pikseli 1280 kwa 720) kwa volti 0.7, ikila miliwati 1.8, bila kuhesabu memori ya nje. Miliwati 1.8! Naisoma namba hiyo kila mara kwa heshima.

Upande wa kurekodi ni mzito zaidi, maana hapo simu yenyewe ndiyo inayobana video. Kutafuta kila kipande cha pikseli 16 kwa 16 kilikohamia, kwa kupima kila nafasi ndani ya pikseli 16 kila upande, kwenye video ya 720p yenye fremu 30 kwa sekunde, ni kama hesabu za kutoa bilioni 30 kila sekunde. Hakuna anayetafuta hivyo kwenye simu. Njia za mkato ndiyo fani yenyewe, na wanafunzi wa uhandisi Makerere wanaweza kuzijaribu kwenye FPGA, chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kwa programu, bila kungoja kiwanda.

Tume ya Mawasiliano, UCC, tayari hukagua aina za simu kabla ya kuruhusu ziuzwe nchini. Naomba iongeze sharti moja: boksi lieleze ni viwango gani vya video ambavyo chipu inafungua kwa saketi yake yenyewe, na saa ngapi betri inahimili kila kimoja.