Dripu ya MS kwa mgonjwa wa Pemba

Mgonjwa wa MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu) anayeishi Wete akisikia kuna dripu ya kuzuia mashambulizi, yaani dalili kuzuka ghafla, huuliza bei kwanza. Ana haki. Lakini kuna swali zito zaidi: dripu ikishaisha, nani atamfuatilia?

Katika MS, kinga ya mwili hugeuka ikala utando unaofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Kingamwili zinazotengenezwa maabara, ambazo ndizo dripu zenyewe, huizuia kwa nguvu kuliko sindano za zamani za interferoni, na wanaozitetea wana hoja: mguu uliopooza leo huenda usirudi kuwa kama jana, kwa hiyo kuchelewa nako ni hatari.

Wenye hofu nao hawakosi ushahidi. Natalizumabu, mojawapo ya dripu hizo, iliidhinishwa Marekani Novemba 2004, ikasitishwa Februari 2005 baada ya baadhi ya wagonjwa kupata PML, maambukizi ya ubongo yanayoletwa na virusi vya JC. Ilirudi 2006 kwa masharti makali. Hatari hupanda kwa mwenye kingamwili dhidi ya virusi hivyo katika damu yake, aliyewahi kutumia dawa za kushusha kinga, na aliyepitisha miaka 2 ya matibabu. Baya zaidi, dalili za PML (mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kufifia) hufanana na shambulio la MS lenyewe. Kuzitenganisha kunataka picha ya MRI na kupima maji ya uti wa mgongo. Tena dripu hii ni ya kila wiki 4, na ukiikatisha ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Kusi likivuma boti zisiende, itakuwaje?

Ndiyo maana kwa mtu wa visiwani naelemea rituksimabu, dripu nyingine ya kingamwili. Aghalabu hutolewa kila miezi 6, na mwaka 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Nayo ina yake: hufuta seli B, chembe za kinga ya mwili, kwa miezi mingi, na ikishaingia mwilini haitolewi. Homa ya ini B iliyolala inaweza kuamka na kuharibu ini. Hapa sikubali njia ya mkato. Kipimo cha haraka cha tone la damu huonyesha maambukizi yaliyopo tu. Ya zamani yaliyojificha hutafutwa kwa kipimo kingine cha maabara. Chanjo pia zitangulie, kabla seli hizo hazijafutwa.

Siku yenyewe mgonjwa hupewa kwanza parasetamoli, dawa ya mzio na steroidi, kisha dripu inaanza polepole. Koo likiwasha au presha ikishuka, nesi anaisimamisha.

Jambo jingine ni joto la kaskazi. Linaweza kuzidisha dalili kwa saa chache bila shambulio jipya, basi mtu asibadilishiwe dawa kwa hilo.

Matibabu yakianzia Dar es Salaam, barua yenye jina la dawa, kiwango na tarehe iwafikie madaktari wa hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, kabla mgonjwa hajashikwa na homa ya kwanza.