Panya wa kufugwa: akae peke yake au apewe mwenzake?

Huku Nakuru panya akionekana ndani ya nyumba hutafutiwa paka au sumu, kwa hiyo anayefuga panya weupe sebuleni huwa ana mengi ya kuwaeleza majirani. Wafugaji wenyewe nao hawaelewani kuhusu jambo moja: mmoja anatosha, au ni lazima awe na mwenzake?

Wanaosema mmoja atosha wana hoja nzito. Ukichanganya dume na jike, mimba huchukua siku 19 hadi 21, uzao mmoja huleta watoto 6 hadi 8 au zaidi, na jike anaweza kushika mimba tena siku ileile aliyozaa. Watoto nao wakifika wiki 6 wameshapevuka. (Muuzaji akikuapia kwamba wote ni majike, inua mkia ujionee.) Ukiweka madume wawili, ni yale ya mafahali wawili zizi moja: asubuhi unakuta vigaga mgongoni na mkia umetafunwa.

Lakini upweke wa panya si porojo. Hawa ni wanyama wanaolala wamelundikana, wanaosafishana manyoya na kuitana kwa sauti nyembamba ambazo sikio letu halizinasi. Tena kuna baridi. Panya akiachiwa achague hupenda joto la karibu nyuzi 30, na Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai si mchezo. Kisumu, kando ya ziwa, wana nafuu. Wapo wanaojitetea kwamba wao ndio marafiki wa panya wao, ila panya huchangamka usiku, saa ambazo rafiki huyo anakoroma.

Kwangu mimi, jinsia ndiyo inayoamua. Jike asifugwe peke yake. Wawili au watatu waliokua pamoja kwa kawaida hupatana, na kwa kuwa umri wao ni kama miaka 2 tu, mmoja akifa aliyebaki atafutiwe jike mwingine.

Dume ndiye mtihani. Kumhasi kungemwezesha kuishi na majike, lakini upasuaji wa mnyama wa gramu 30 hivi si kazi ya kila daktari wa mifugo. Ndugu wa uzao mmoja ambao hawajawahi kutenganishwa huweza kuvumiliana, na usafi una siri yake: kiota kikavu kihamishiwe kwenye kizimba kilichosafishwa, maana harufu yake huwatuliza, ila maranda yenye mkojo yatupwe, kwani hayo huchochea ugomvi.

Damu ikishatoka, watenganishe. Hapo nakubaliana na upande wa kwanza, ingawa kwa shingo upande. Dume huyo apewe karatasi laini za kutosha kujijengea kiota kinachomfunika mwili mzima, gurudumu la kukimbilia, na kizimba kisiachwe juu ya sakafu ya saruji.