Aibu, Sheria na Mwamba wa Pweza

Tangu watu wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, walipoanza kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu ili pweza wakue, na vijiji vingine vya Pemba na Unguja vikafuata, imekuwa kawaida kusikia kwamba dawa ya bahari yetu ni makubaliano ya wanakijiji wenyewe, si boti za doria. Kauli hiyo ina ukweli mwingi, ila inanyamaza juu ya nani anayegharimia makubaliano hayo.

Pweza huishi mwaka mmoja hivi na hukua upesi mno, kwa hiyo mwamba uliopumzishwa hulipa kabla watu hawajakata tamaa, jambo lisilowezekana kwa mikoko wala matumbawe. Isitoshe, mwizi wa mwamba hajifichi kirahisi. Shimo la pweza huonekana kwa magamba ya chaza na kaa yaliyolundikana mlangoni, na mwanamke aliyezoea kwenda pwani hulijua hata lililochokolewa jana. Habari ikifika kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali kijijini, au kwa kamati ya uvuvi, huwa imeshapita kisimani. Faini hulipwa ikaisha. Kusemwa arusini hakulipiki. Dini nayo huongeza uzito: katika kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, kilichofanywa hifadhi mwaka 1998 na ambacho wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhr aliswali hapo, mafundisho ya kukataza israfu yalitumika kuwanasihi wavuvi, na kwa wengi yaliingia kuliko tangazo la serikali.

Lakini aibu humshika anayejulikana. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi mbali na kwao kwa wiki kadhaa, hawana jirani wa kuwasema, na baadhi yao hujibu kwamba bahari ni ya Mwenyezi Mungu, hoja isiyo rahisi kuivunja kwa mila ya kijiji kimoja. Hata ujirani wenyewe hautoshi. Huko Unguja, mgogoro wa muda mrefu baina ya wavuvi wa Marumbi, wanaotega madema (mitego ya samaki), na wavuvi wa Chwaka waliotumia nyavu za kukokota ulikuwa wa watu wa ghuba moja, kila upande ukijiona una haki. Hapo leseni, doria na mahakama havina mbadala.

Linalonisumbua zaidi limo ndani ya kijiji. Mwamba unapofungwa, mwenye chombo huenda kuvua kwingine. Mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu maji yakitoka hana pengine pa kwenda. Hivyo mila inayosifiwa kuwa ya wote huweza kuwabana zaidi wasio na chombo, ambao pia ndio wepesi kukamatwa. Sisemi mwamba usifungwe. Nasema wanawake hao wawe na sauti katika kupanga sehemu na msimu wa kufunga, na kamati, kabla ya kuhesabu waliovunja masharti, iulize waliotii waliishi kwa kutegemea nini katika bamvua zote, yaani siku maji yanapotoka sana, za miezi hiyo mitatu.