Eti Ni Waya Tatu Tu

Juzi kijana mmoja alikuwa ananiuliza atawashaje pampu ya maji kwa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Sijafungua mdomo, jamaa aliyekaa pembeni akadakia: "Ni waya tatu tu hizo, dakika tano umemaliza." Kijana akafurahi. Mimi nikanuna hadi leo.

Waya tatu nazijua. Nilizifunga mwenyewe: volti 5, ardhi, na GPIO17, pini ambayo programu huiwasha na kuizima, kwenda kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme. Ikawaka, ikazima, nikaita watu wa nyumbani waje kushangaa. Wiki hiyohiyo umeme ukakatika usiku, ukarudi tumelala. Asubuhi tangi linafurika, pampu inanguruma kama inalipwa kwa saa.

Programu haikuharibika. Iliamka, ikaifanya pini kuwa ya kutoa, pini ikakaa volti sifuri, halafu programu ikaketi kusubiri ujumbe wa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe kupitia mtandao, wakati ruta bado haijajikusanya. Na rilei yangu, kama zilivyo nyingi, huwaka pini ikiwa sifuri, si ikipanda. Basi. Kila kifaa kilifanya kazi yake sawasawa na maji yakamwagika.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijaandika hata mstari mmoja, najiuliza: kompyuta hii ikifa sasa hivi, kitu hiki kitabaki katika hali gani? Kwa rilei kama ile yangu, unaweza kuandika gpio=17=op,dh kwenye config.txt, faili la mipangilio la Pi, ili pini ipande mapema wakati wa kuwaka. Vizuri, ila kuna sekunde chache kabla mstari huo haujasomwa, na sekunde hizo pini iko peke yake. Kwa pampu nachukua rilei inayowaka pini ikipanda, naweka rizista (kipingamizi cha umeme) ya kiloomu 10 kuivuta pini kwenye ardhi, na ndani ya tangi naweka boya linalokata umeme bila kuomba ruhusa ya kompyuta yoyote. Taa nazo zibaki na swichi ukutani. Mgeni anayetafuta choo usiku asilazimike kuulizia nywila ya Wi-Fi!

Mengine yanajulikana: pini ni za volti 3.3, ukizipa 5 umeziua. Pini ya kusoma swichi isiyo na rizista ya kuivuta huota ndoto: husoma mara imewashwa, mara imezimwa, ovyo tu. Na pini ya 11, ukizihesabu pini zilivyopangwa kwenye bodi, ndiyo GPIO17, usije ukanilaumu.

Mwaka 2022 Home Assistant, ile programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, walipoondoa uwezo wa kuzishika pini za Pi moja kwa moja, nilitukana peke yangu chumbani. Leo nakubali, kwa shingo upande, kwamba ESP32, kibodi kidogo chenye Wi-Fi, kikiendeshwa na programu ya ESPHome kando ya pampu, kinanifaa kuliko waya mrefu kutoka kwenye ubongo wa nyumba nzima. Programu ya nyumba ikisasishwa, pampu haina habari. Lakini wangeweza kutuacha tulio wakaidi tuendelee na ukaidi wetu.

Kijana nilimuuliza swali moja tu: "Tangi lako lina boya?" Kabla hajajibu, yule jamaa wa waya tatu akacheka. Akasema hilo ni swali la fundi bomba.